Marehemu Wetu Si Mtu Mmoja

Katika kazi hii ya gazeti halipiti juma bila ya kuletewa taazia. Nyingine huja kwa mkono, zimekunjwa mara nne ndani ya bahasha. Nyingine, siku hizi, huja kwa simu. Zote zimeandikwa na watu walioumia, nami huzisoma kwa heshima, kwani nyuma ya kila karatasi mna nyumba iliyotandikwa majamvi. Lakini leo nataka kusema jambo lililonikaa moyoni kwa muda mrefu, na namwomba radhi mapema yeyote litakayemgusa. Karatasi zote hizo zamsema mtu mmoja.

Marehemu alikuwa mpole. Alikuwa mkarimu. Alikuwa mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu, asiyebagua mkubwa wala mdogo. Ameacha pengo lisilozibika. Ukiliondoa jina la aliyefia Mombasa ukatia la aliyefia Malindi, hapana hata neno moja litakalotaka kubadilishwa. Mvuvi na kadhi, fundi wa majahazi na mama muuza mahamri, wote huvishwa kanzu moja ya sifa, na kanzu yenyewe haimkai hata mmoja wao.

Wako watakaosema, "Wewe nawe, watu wana msiba, wewe wawatafutia makosa ya uandishi?" Hasha! Nasema haya kwa kuwa wazee wetu wanakwisha. Mjukuu atakayezaliwa miaka 10 kutoka leo hatamwona babu yake, ataonyeshwa karatasi. Akisoma humo kwamba babu yake alikuwa mpole na mkarimu, atakuwa amejua nini? Mtu huyo atakuwa amekufa mara mbili: mara ya kwanza kwa amri ya Mola wake, na mara ya pili kwa kalamu yetu.

Wala sisemi haya kama mtu asiye na hatia. Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe, tena nilimfanyia mtu niliyempenda.

Mwalimu wangu wa chuo alipofariki, niliombwa niandike taazia yake, na nani aliyestahiki kuiandika kuliko mimi? Yeye ndiye aliyenishika kidole akanipitisha juu ya alifu. Nikakaa usiku mzima. Niliandika kwamba alikuwa bahari ya elimu, taa ya mji, mnyenyekevu, mvumilivu, baba wa mayatima. Nikaisoma mwenyewe nikatokwa na machozi. Asubuhi yake nikaenda nyumbani kwa marehemu nikamsomea mjane wake, yeye akiwa nyuma ya pazia, kwani alikuwa bado yu katika eda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mungu akujaze kheri, mwanangu. Maneno mazuri. Sasa, la mwalimu wako utaliandika lini?"

Nilidhani hakusikia sawasawa. Nikamwambia, "Mama, ndilo hili."

Akasema, "Hili ni la watu wote. Mimi naliuliza lake."

Nilirudi kwangu kwa vichochoro vya Mji wa Kale, karatasi mfukoni imenielemea kama jiwe. Nililokuwa nimeliandika halikuwa na uongo hata kidogo. Alikuwa mwanachuoni, alikuwa mvumilivu, na mayatima aliwalea. Lakini yeye mwenyewe hakuwamo. Ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningelijiuliza kabla ya kushika kalamu: nikifumba macho, akatajwa jina, jambo gani lanijia kwanza?

Ilinijia sindano.

Chuoni kwetu tulikuwa watoto 30 na zaidi katika chumba kimoja cha chini, kila mmoja na mahali pake. Huyu yuko kwenye hijai, yule yuko Amma, wa tatu amefika Yasini, na sote twasoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Mpita njia angesikia kelele ya sokoni. Mwalimu alikaa mkekani, kulia kwa mlango, akishona kofia za vito. Ubavuni pake palikuwa na kitambaa kilichochomwa sindano nyingine 2, tayari zimetiwa uzi. Hakuinua uso. Sindano iliingia ikatoka, ikaingia ikatoka, kama kwamba sisi hatumo humo chumbani. Kisha mmoja wetu, kule pembeni kabisa, angeifupisha madda iliyotaka kuvutwa, na papo hapo sindano ingesimama. Haikupanda wala haikushuka. Ilisimama hewani na uzi wake. Kelele yote ikakatika, kila mtoto akijiuliza kama ni yeye. Mwenye kosa alijijua. Akarudi nyuma, akaisoma aya kama ipasavyo, na sindano ikaendelea na safari yake.

Ndiyo hiyo tu. Nami sikuiandika kwa kuwa niliiona ndogo! Nilidhani taazia yataka maneno makubwa, na mtu mkubwa asemwe kwa makubwa. Sasa tazama, msomaji, ni mangapi yaliyomo ndani ya sindano ile. Hapana haja tena ya kuandika kwamba mwalimu alikihifadhi Kitabu. Mtu anayelisikia kosa la mtoto mmoja kati ya 30, hali macho yake yako kwenye kofia, msomaji ashajua Kitabu kiko wapi. Hapana haja ya kuandika kwamba alikuwa mvumilivu, wala kwamba alikula jasho la mkono wake. Yote yameingia katika tundu moja la sindano.

Hili ndilo somo ninalotaka tulizingatie leo. Kila mtu aliyeishi nasi hutuachia moyoni alama moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote. Mmoja ametuachia ukimya wake, mwingine haraka zake, mwingine jinsi nyumba ilivyojaa alipoingia. Alama hiyo naiita taswira kuu. Kazi ya mwenye kuandika wasifu wa mtu ni kuitambua kwanza, kisha kila anachokitaja, kiwe sauti, nguo, mwendo au kikohozi, kiwe chaitumikia. Kisichoitumikia akiache, hata kikiwa kizuri, hata kikiwa kweli. Nahodha hapakii kila kilichoko bandarini. Hupakia kinachokwenda anakokwenda yeye.

Natoa mfano ili nieleweke. Tumchukue mwuza kahawa, mmoja katika wale tunaowajua sote. Mwandishi mchanga atatuambia kwamba ni mzee mwembamba, kanzu yake imefifia, ana dele la shaba na vikombe, hutembea polepole, ana mzaha, ana watoto 6, anakaa karibu na msikiti. Haya ni maelezo ya karani wa sensa. Tumeambiwa yote na hatukuona mtu.

Sasa tuseme alama aliyotuachia ni uchovu. Hapo tutaandika kwamba dele limemshusha bega la kulia, na hata akiliweka chini bega halirudi mahali pake. Tutaandika kwamba vikombe vyake zamani alivigonganisha yeye, lakini siku hizi vyalia vyenyewe kwa mtetemo wa mkono. Mzaha wake tutauacha, au tutautaja jinsi anavyouanza akasahau kuumaliza.

Tuseme tena, alama yake si uchovu bali ni izza. Kanzu ni ile ile iliyofifia, lakini mkunjo wake wa pasi ungekata kidole. Mwendo ni ule ule wa polepole, lakini atembea polepole kwa kuwa kahawa yake haimtafuti mtu. Watu ndio waitafutao. Hugonganisha vikombe mara 2, kisha hunyamaza akangoja. Ukimwita kwa mluzi hageuki. Ukimwita "Mzee wangu" huja.

Mtu ni mmoja, kanzu ni moja, mwendo ni mmoja. Lakini msomaji ameona watu wawili. Ni yupi wa kweli? Hilo sheria za uandishi haziwezi kulijibu. Hujibiwa na yule aliyekaa naye barazani, akainywa kahawa yake miaka na miaka. Ndiyo maana nasema kwamba kuchagua taswira ya mtu ni amana. Ukiichagua vibaya umemdhulumu, na marehemu hana mdomo wa kukukanusha.

Tena jambo hili si geni kwetu. Tumtazame Fumo Liyongo, shujaa wa nchi za Pate na Ozi, ambaye habari zake Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913. Taswira kuu ya Liyongo ni ukubwa wake, ukubwa wa kiwiliwili na wa haiba. Lakini masimulizi yetu hayakutosheka kusema kwamba alikuwa mkubwa. Yalifungua mkoba aliouchukua begani, ndani yake mkatoka kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Msikilizaji mwenyewe ndiye apimaye bega lililobeba jiko zima kana kwamba si kitu.

Kisha pakaja kifo chake. Mwanawe akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, naye akatoka akaenda kisimani, akapiga goti, akautia mshale katika uta, akafa hali ile. Na watu wa mji? Walikaa na kiu. Hapana aliyethubutu kusogea kuteka maji, kwani walidhani yu hai. Mama yake akaitwa aje kumsihi. Mpaka maiti ilipoanguka ndipo walipojua. Hebu fikiri, msomaji: hapana neno "jasiri" wala "mwenye kuogopewa" linalofikia ndoo zile tupu za watu walioogopa maiti. Waliotusimulia waliujua ufundi huu kabla ya sisi kwenda shule.

Na tupande juu zaidi, palipo na adabu zaidi. Maulidi yetu hayasomwi bila ya kufika mahali pa kuelezwa umbo na tabia za Mtume, rehema na amani zimshukie. Imam Tirmidhi, aliyefariki mwaka 279 wa Hijria, alikusanya kitabu kizima juu ya sifa zake, nacho ni Shamail. Ukikitazama, utashangaa jinsi Maswahaba walivyosimulia mambo ya kuonekana kwa macho. Walieleza kwamba mwendo wake ulikuwa kama wa mtu anayeteremka mahali pa juu. Walieleza kwamba alipomgeukia mtu alimgeukia kwa mwili mzima, si kwa shingo peke yake. Mmoja wao alijua kwamba mvi zake, kichwani na ndevuni, hazikufika 20. Hawa ndio watu waliomtukuza kuliko sisi sote, na hawakuona kwamba kutaja mvi ni kumpunguzia heshima. Mtu anayemgeukia mwenziwe kwa mwili mzima, hata akiwa mtumwa au mtoto, ukarimu wake na unyenyekevu wake umekwisha elezwa. Ikiwa wao walifanya hivyo, sisi tunaona haya gani kutaja kofia ya babu na kikohozi chake?

Najua pana watakaonipinga kwa hoja mbili, na zote mbili zastahiki jawabu.

Ya kwanza ni kwamba tumefunzwa tuwataje maiti wetu kwa mema, na anayeingia katika mambo madogo madogo ataishia kuchungulia aibu za watu. Jawabu langu ni kwamba jambo dogo si aibu. Simwambii mtu aandike kwamba marehemu alikuwa bahili au mkali kwa wakeze. Hayo tumwachie Mola. Namwambia kwamba akitaka kusema marehemu alikuwa karimu, aseme alimpa nani, nini, saa ngapi, na alificha vipi mkono uliotoa. Mema yenye jina na mahali ndiyo mema yanayoaminika. Sifa zisizo na mahali humfanya msomaji ashuku kwamba mwandishi hakumjua mtu wake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba mtu ni mambo mengi, na kumfunga katika alama moja ni kumdhulumu. Hii ni kweli, na sisi watu wa pwani tumeonja uchungu wake. Mwingereza Richard Burton alipita Mombasa mwaka 1857, na mwaka 1872 akatoa kitabu chake juu ya Unguja na pwani yetu. Humo Mswahili amechorwa mvivu na mlaghai, na picha ya namna hiyo wengi waliokuja baada yake waliinakili bila ya kutazama upya. Hiyo nayo ni taswira kuu! Basi kisu ni kile kile, cha kukatia ngariba na cha kuulia jambazi.

Tofauti iko wapi? Iko katika kukaa na mtu. Mpita njia huchagua alama kwanza, kisha akatafuta mambo ya kuishadidia. Aliyekaa naye huyakusanya mambo kwanza, kisha akaiacha alama ijitokeze yenyewe. Tena mwenye kukaa na mtu hulijua lile jambo moja lililokwenda kinyume na desturi yake yote, na halifichi. Huliweka pale pale katikati ya picha, nalo haliiharibu; huitia uhai.

Nitasema langu. Nimeeleza kwamba sindano ya mwalimu haikukosa kusimama. Lakini siku moja haikusimama. Mtoto mmoja katika sisi alirudi chuoni siku ya nne baada ya kuzikwa mama yake. Alikaa mahali pake, akafungua juzuu yake, akasoma. Alisoma makosa matupu. Aliruka maneno, akachanganya aya na aya, sauti yamkatika. Sisi wengine tulimsikia, tukapunguza sauti, tukaitazama sindano. Iliingia ikatoka, ikaingia ikatoka. Mwalimu aliyesikia kila kitu siku hiyo hakusikia kitu.

Katika taazia yangu ya kwanza niliandika kwamba alikuwa baba wa mayatima. Nauliza tena: ni lipi litakalobaki kwako, msomaji, maneno yale manne, au sindano iliyokataa kusimama?

Basi niliichana karatasi ya kwanza nikaandika nyingine, fupi, isiyofika hata nusu ya ile. Nikangoja mpaka mama alipotoka eda, nikaenda tena. Safari hii hakunisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kusoma, akanikata.

"Ngoja. Hakuwa akikaa kulia kwa mlango. Akikaa kushoto, apate upepo wa bahari."

Nikasahihisha. Nikaendelea. Akanikata tena.

"Na zile sindano ulizoziona kitambaani, nani aliyekuwa akizitia uzi? Macho yake yalikuwa hayalioni tundu tangu hujaja chuoni wewe. Mimi ndimi niliyekuwa nikimtilia, kila asubuhi, sindano 3, kabla hamjafika. Andika."

Nikaandika.

Ile ya kwanza hakunisahihisha hata neno, kwani palikuwa na nini cha kusahihishwa? Nani atabishana na "mpole"? Hii ya pili aliishika kila mstari, akabishana nami, akanirudisha nyuma kama mwalimu alivyoturudisha, na mwisho wake tulikuwa tumekaa naye sote wawili, mimi na yeye, na marehemu kushoto kwa mlango.

Kwa hivyo nawaomba, ndugu zangu mnaotuletea taazia, na nyinyi vijana mnaofunzwa insha shuleni: kabla hamjaandika "mpole", kaeni kwanza na waliobaki. Waulizeni ni kitu gani wamekizoea ambacho sasa hawakisikii nyumbani. Mmoja atasema ni kubisha mlango mara 3 hata kwake mwenyewe. Mwingine atasema ni redio ya saa 1 jioni. Hapo mmefika. Lishikeni hilo moja, yapangeni mengine yalifuate, na mtakapomaliza msomeeni aliyemjua zaidi. Akisema "amin" peke yake, rudini mkaandike tena. Akianza kuwasahihisha, mshukuruni Mungu, kwani mmempata.